Mji Unapolifuata Shamba

Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na dawa ya panya. Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya ardhi yenyewe ambayo jembe hilo linailima.

Tuseme umeamka alfajiri, umekwenda shambani kupalilia mihogo yako. Katikati ya matuta unakuta kigingi kimepigwa, kichwani kimepakwa rangi nyekundu. Hatua hamsini mbele kuna kingine. Unauliza, nawe unaambiwa: "Mzee, hapa sasa ni eneo la mji. Hapo uliposimama patapita barabara." Wewe hujahama, wala hukuuza shamba. Mji ndio uliokufuata.

Jambo hili limewapata wakulima wengi waliolima kandokando ya Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Dodoma. Wengine walilipwa vizuri, wakanunua shamba jingine. Wengine waliondoka mikono mitupu. Tofauti yao mara nyingi haikuwa ukubwa wa shamba. Ilikuwa ni nani alijua mapema, na nani alichelewa. Basi, ili ujue mapema, tuitazame historia ya mambo haya.

Wakati wa wakoloni

Tarehe 26 Novemba 1895 ilitoka amri ya Kaisari wa Ujerumani. Ilisema kwamba ardhi yote ya koloni lake la Afrika Mashariki isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Aliyedai kuwa ardhi fulani ni yake ilimpasa athibitishe. Sasa fikiri: mlowezi alikuwa na karatasi. Babu yako alikuwa na migomba, makaburi ya wazee wake na majirani wa kumshuhudia, lakini karatasi hakuwa nayo.

Waingereza walipokuja wakatunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Ardhi ya Tanganyika ikawa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 sheria hiyo ikarekebishwa, ikatamka kwamba mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila na desturi naye ana haki ya kuikalia. Hilo lilikuwa jambo jema, ila haki hiyo haikuwa na nguvu sawa na ile ya mwenye hati.

Udhaifu huo ulionekana wazi kule Meru. Baada ya Vita Kuu ya Pili tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza kwamba mashamba ya walowezi yawekwe pamoja upande mmoja, na ardhi ya wenyeji upande mwingine. Kwenye ramani mpango ulionekana safi. Lakini ndani ya mistari ile walikuwamo watu. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki. Hawakukaa kimya. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia nzima ilisikia, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba mstari kwenye ramani unaweza kumhamisha mtu.

Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji. Serikali ikapewa uwezo wa kutangaza mahali fulani kuwa eneo la mipango, na tangu siku hiyo ujenzi na matumizi ya ardhi ya hapo kufuata ramani. Sheria hiyo ya kikoloni ilitumika hata baada ya Uhuru kwa miaka mingi, mpaka ilipofutwa mwaka 2007.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1963 Serikali ilifuta umilikaji wa ardhi wa kudumu milele na kuugeuza kuwa wa kukodi kwa Serikali kwa miaka 99. Kusudi lilikuwa ardhi isiwe bidhaa ya matajiri.

Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya na miji zikavunjwa. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na za wilaya mwaka 1984. Kwa hiyo ilipofika operesheni ya vijiji, kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, hapakuwa na halmashauri ya kuchaguliwa ya kukaa na kupitia mipango hiyo. Mamilioni ya watu walihamia vijijini. Mahali pengi mambo yalikwenda mbiombio: shamba la fulani akapewa mwingine, mpaka ukaonyeshwa kwa kidole, na hapana aliyeandika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Miaka ya 1980 watu wakaanza kudaiana mashamba mahakamani.

Kesi mbili za kukumbuka

Ndugu mkulima, shika sana hizi kesi mbili.

Ya kwanza ni ya mwaka 1988, iliyotoka Mwanza. Mahakama Kuu ilieleza kwamba eneo la mkulima wa kimila likitangazwa kuwa la mji, mkulima huyo yampasa afanye haraka kuomba amilikishwe kwa utaratibu wa mji. Akizubaa, anaweza kuipoteza ardhi hiyo akipewa mtu mwingine kwa hati.

Ya pili ni ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mkoa wa Arusha. Hawa walikuwa wameshinda kesi ya shamba lao. Kisha mwaka 1992 ikatungwa sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni, na kuwazuia watu wasiende mahakamani. Baba na mwana wakaipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali, inalindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Tena ikasema kwamba hata pasipo jengo wala mazao ya kudumu, mtu aliyeifanyia ardhi kazi anastahili fidia.

Umeona? Kesi moja inakuambia una haki. Nyingine inakuambia haki hiyo usiilalie usingizi.

Sheria zilizofuata

Mwaka 1991 Rais aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Ikafuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Mwaka 2007 zikaongezwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi namba 6 na Sheria ya Mipango Miji namba 8.

Kwa sheria hizi, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini kwa niaba yenu. Mpango wa matumizi ya ardhi, yaani wapi palimwe, wapi palishwe mifugo, wapi pajengwe na wapi pabaki msitu, lazima upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Hapo ndipo wewe unapokuwa na sauti.

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, taarifa hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, nayo yapaswa kuwaarifu wenye mashamba yanayoguswa. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, yaani ekari zaidi kidogo ya 600, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kupata maoni ya mkutano mkuu. Na ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa.

Lakini angalia hapa. Kijiji kikishaingizwa mjini na kugeuzwa kuwa mtaa, mamlaka yale ya kijiji juu ya ardhi hukoma, na mipango huwa ya halmashauri ya mji. Kwa hiyo wakati wa kusema ni kabla, si baada ya vigingi.

Ufanye nini?

Kwanza, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila miezi mitatu. Usiseme, "Hayo ni ya viongozi." Ukisikia ajenda ya mpaka, mji au mwekezaji, nenda na mkeo au mumeo, na vijana wako pia.

Pili, ulizeni kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Vikiwapo, omba hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lako. Mama naye aandikwe jina lake, asibaki kuitwa mke wa fulani.

Tatu, andika. Miti ya kudumu mingapi, kisima, nyumba, makaburi, majirani wa pande zote nne. Mthamini akija, uwepo shambani, uhesabu naye, na usitie sahihi karatasi usiyosomewa.

Nne, rasimu ya mpango wa mji ikionyeshwa kwa wananchi, nendeni mkaitazame. Mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi, abaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Tano, ugomvi wa mpaka kati yenu upelekeni kwanza Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Hatusemi kwamba mji ni adui. Mji huleta soko la mchicha na maziwa, barabara, maji na shule. Na mji usio na mpango ni taabu kwa kila mtu: nyumba mabondeni, gari la wagonjwa halipiti. Tunachosema ni kwamba mpango mzuri hupangwa pamoja na yule anayelima pale.

Wameru wa mwaka 1951 hawakuulizwa. Sheria yasema wewe uulizwe. Basi uwepo siku ya kuulizwa.