Ukili

Ukili (wingi: kili) ni ukanda mrefu na mwembamba unaosukwa kwa vipande vya majani makavu ya mkindu, mkoche au mimea mingine ya jamii ya mnazi. Kili hushonwa pamoja ili kupata mkeka, jamvi, msala, kikapu na vyombo vingine vya nyumbani. Usukaji wa ukili ni sehemu ya ususi, na hufanyika katika pwani yote ya Waswahili pamoja na visiwa vyake. Katika wilaya ya Bagamoyo, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni kazi ya mikono inayofanywa zaidi na wanawake, ambao huifanya wakiwa wamekaa barazani baada ya shughuli za shamba na jikoni.

Ususi hutofautiana na ufumaji. Ufumaji hutumia uzi wa sufu au pamba pamoja na sindano mbili ndefu, au sindano moja yenye ndoano. Ukili husukwa kwa vidole peke yake; sindano huhitajika baadaye, wakati wa kuunga.

Malighafi

Mkindu (Phoenix reclinata) ni mti wa porini unaoota penye unyevu, hasa kando ya mito na mabondeni. Huwa na mashina kadhaa yanayotoka pamoja, na majani yake marefu yana vijani vingi pande mbili, kama ya mnazi. Jani lake lililo tayari kwa kusukwa huitwa ukindu. Ni laini na hupokea rangi vizuri, kwa hiyo hutumika kwa mikeka ya kulalia na misala.

Mkoche, unaoitwa pia mkoma au mlala (jenasi Hyphaene), una majani yenye umbo la kipepeo. Vipande vyake huitwa miyaa au milala kutegemea mahali. Ni vigumu zaidi kuliko ukindu, kwa hiyo hufaa kwa majamvi, vikapu na kamba.

Makuti ya mnazi hayasukwi ukili. Hutumika kwa mapakacha na kwa kuezekea.

Utayarishaji

Majani yanayotafutwa ni yale machanga ya katikati ya mti, ambayo hayajafunguka. Hukatwa kwa kisu au panga, hufunguliwa, na huanikwa juani kwa siku kadhaa hadi rangi ya kijani ipotee. Baada ya hapo kila kijani huchanwa kwa urefu kuwa vipande vyenye upana sawa. Hatua hii huamua ubora wa kazi yote: vipande visipolingana, ukili hupinda na kingo zake hazinyooki.

Vipande vinavyotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika maji yenye unga wa rangi unaouzwa madukani. Zamani rangi zilitoka katika mimea: magome ya mkoko kwa rangi ya kahawia inayoelekea nyekundu, manjano kwa rangi ya njano, na mizizi ya mdaa kwa rangi nyeusi. Baada ya kuchemshwa, vipande huanikwa kivulini.

Hatua za kwanza kwa anayejifunza

Anayeanza huhitaji ukindu mkavu usio na rangi, kisu kidogo, maji kidogo na kitambaa kibichi. Ukindu hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa kitambaa hicho kabla ya kusukwa, kwa sababu ukiwa mkavu sana huvunjika unapokunjwa. Haufai kulowa kupita kiasi: ukili uliosukwa ukiwa umelowa husinyaa unapokauka na kuacha matundu. Wasukaji wengi hupendelea asubuhi na jioni, wakati hewa ina unyevu.

Mtoto hufundishwa kwanza kusuka vipande vitatu, sawa na kusuka nywele. Hatua inayofuata ni vipande vitano:

1. Vipande vitano huwekwa sambamba na kufungwa upande mmoja. Vitatu hukaa kushoto na viwili kulia.
2. Kipande cha pembeni kabisa upande wa kushoto hupitishwa juu ya jirani yake na chini ya kinachofuata, kisha huungana na vya kulia.
3. Sasa vya kulia ni vitatu. Kile cha pembeni kabisa upande wa kulia hupitishwa vilevile, juu ya kimoja na chini ya kimoja, na kurudi kushoto.
4. Hatua ya pili na ya tatu hurudiwa, na kila mara kipande hukunjwa vizuri pembeni ili ukingo unyooke.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba upande wenye vitatu ndio unaotoa. Mtu akisimama katikati ya kazi na kusahau alipofika, huhesabu tu vipande vya kila upande.

Kipande kinapokaribia kuisha, kipya hulazwa juu yake na viwili husukwa pamoja kwa hatua chache. Ncha zinazobaki huachwa upande wa chini na kukatwa baadaye. Vipande visiishie mahali pamoja, kwa sababu sehemu hiyo itakuwa nene na itakatika mapema.

Makosa ya kawaida kwa wanaoanza ni matatu. La kwanza ni kulegeza mkono, ambapo ukili hubaki na matundu. La pili ni kuvuta upande mmoja kuliko mwingine, ambapo ukili hupinda kama mundu. La tatu ni kuanza na rangi nyingi kabla ya mkono kuzoea. Ukili uliokosewa hufumuliwa hadi penye kosa na kusukwa upya.

Aliyezoea huongeza vipande hadi saba, tisa, kumi na kimoja au zaidi. Katika ukili mpana, kipande huweza kupita juu ya viwili na chini ya viwili, na hapo hutokea mistari ya mshazari. Mapambo hupatikana kwa kupanga vipande vya rangi tangu mwanzo.

Kuunga kili

Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ya mwingine mikono ikiwa imenyooshwa. Mkeka mmoja hutumia pima nyingi, na kusuka kwake huweza kuchukua majuma kadhaa kwa mtu anayefanya kazi katika nafasi zake.

Kwa mkeka wa pembe nne, kili hukatwa kwa urefu unaolingana, hulazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa uzi wa miyaa na shazia, ambayo ni sindano kubwa. Kwa msala wenye umbo la yai, ukili mmoja huzungushwa na kushonwa kuanzia katikati kwenda nje. Kikapu huanzia kitako kwa njia hiyohiyo, kisha ukili huelekezwa juu.

Matumizi

Mkeka hulaliwa, hukaliwa wakati wa chakula, na hutandikwa kwenye harusi na misiba. Jamvi hutandikwa penye watu wengi, na msala hutumika kwa sala. Kawa hufunika chakula, kifumbu hukamulia tui la nazi, na kanda hubebea nafaka. Tanga la mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba, lilikuwa la mkeka.

Katika lugha

Kazi hii imeingia katika usemi wa kila siku. "Kukunja jamvi" ni kumaliza mkutano au kipindi. Mtu anayetumiwa na kila anayepita huitwa "jamvi la wageni". Katika Kiswahili cha mtaani nchini Tanzania, orodha ya walioteuliwa serikalini huitwa "mkeka", na vilevile karatasi ya kubashiri matokeo ya mpira.

Changamoto

Mikeka ya plastiki ni rahisi kusafisha, hukaa muda mrefu na hutengenezwa kwa mashine. Katika nyumba nyingi imechukua nafasi ya mkeka wa ukindu. Bei ya mkeka wa mkono mara nyingi hailingani na siku zilizotumika, kwa hiyo vijana wengi huona haina faida kujifunza. Kwa upande mwingine, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, iliwakumbusha wanunuzi kikapu cha kwenda nacho sokoni.

Malighafi nayo inahitaji uangalifu. Mikindu mingi haipandwi, huota yenyewe, na mabonde inamoota hulimwa mpunga na mboga. Majani machanga yakikatwa yote kwa pamoja, shina hudhoofika, na kilele kikikatwa shina hufa. Mvunaji mzuri huchukua jani moja katika kila shina, huacha kilele kizima, na hurudi baada ya majani mapya kutoka. Kwa sababu hiyo, anayejifunza kusuka hufaa kujifunza pia kuvuna: ukindu wa mwaka ujao hutegemea kilichoachwa mtini mwaka huu.