Sifuri si Tupu: Daftari la Ajali, kutoka Tsavo hadi Taveta

Leo naweka kando simu mpya na programu mpya. Nataka tuzungumze historia, tena ya huku kwetu Taita Taveta, ingawa mtaona kwamba ni habari ya kompyuta vilevile.

Anayejifunza kujenga hifadhidata huambiwa mapema kwamba sifuri na tupu ni vitu viwili. Sifuri maana yake tulihesabu, tukakuta hakuna. Tupu maana yake hakuna aliyehesabu. Hatari ni kwamba ukiiambia kompyuta ijumlishe safu yenye nafasi tupu, itaziruka kimyakimya na kukupa jibu linaloonekana kamili.

Sasa twende Tsavo, mwaka 1898. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda imefika mtoni, na mwezi Machi John Henry Patterson analetwa kusimamia ujenzi wa daraja. Simba wawili wanaanza kuwatoa vibarua mahemani usiku. Katika kitabu chake cha 1907, Patterson aliandika kwamba Wahindi 28 waliuawa, na kwamba Waafrika pia walikufa wengi, ila hapakuwekwa rekodi rasmi yao. Mwaka 1925, katika kijitabu cha makumbusho ya Field ya Chicago, akataja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walichunguza nywele na mifupa ya simba hao, wakakadiria kwamba walikula watu kama 35. Kuuawa na kuliwa si jambo moja, kwa hiyo hesabu hizi hazipingani moja kwa moja. Lakini hata leo hakuna anayeweza kuzipatanisha.

Kwa nini Wahindi walihesabiwa? Kwa sababu walikuja kwa mikataba. Takwimu za reli nzima zinasema waliletwa 31,983, wakafa 2,493, na 6,454 wakarudishwa kwa ugonjwa au ulemavu. Safu yao ilijazwa. Kwa Waafrika walioliwa Tsavo safu ilibaki tupu, na msomaji wa haraka akisoma "28" anadhani ndiyo jumla.

Wakati huohuo, maarifa ya usalama yalikuwepo kambini. Walizungushia mahema maboma ya miiba, wakawasha moto usiku kucha, wakapiga madebe. Waliona havitoshi, wakahamia juu ya miti na matangi ya maji, na wengine wakachimba mashimo ndani ya mahema wakalala humo. Tarehe 1 Desemba mamia walijilaza relini, wakasimamisha treni, wakapanda na kuondoka. Kazi ikasimama kama wiki tatu. Ripoti yao ya ajali waliitoa kwa miguu, maana fomu ya kuijaza hawakuwa nayo.

Fomu zilikuja baadaye. Sheria ya viwanda ya Kenya ilianza kutumika Septemba 1951, lakini ilihusu viwanda. Fikiria mashamba ya mkonge ya Taveta na Mwatate: aliyelisha majani kwenye korona, mashine ya kusinga mkonge, alikuwa ndani ya sheria hiyo. Mwenzake aliyekata majani shambani, miiba ikimchungulia macho, alikuwa nje. Ni mwaka 1990 ndipo sheria ilipopanuliwa kufikia sehemu nyingine za kazi.

Tangu 2007 tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Kifo kazini lazima kiarifiwe kwa afisa wa usalama ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Sehemu yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi nao wana wawakilishi wao. Ni mpango mzuri. Lakini huku kwetu wapo wachimbaji wa vito, wale wa tsavoriti na rubi, ambao shimo moja lina watu wanne au watano. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua na kuwapa nafasi ya kupata vibali. Hata hivyo, watano hawafiki 20. Wanajua mwamba gani unalia kabla ya kuporomoka, lakini ujuzi huo hauvuki kwenda shimo la pili ila kwa mdomo.

Nimekuwa nikiandika programu ndogo ya daftari la ajali, na historia hii imenibadilishia mambo matatu. Kwanza, kila kundi hutakiwa kujaza kila wiki, hata kama ni sifuri. Wiki isiyojazwa inaonekana kwa rangi nyekundu na haijumlishwi. Pili, kuna nafasi ya matukio ya nusura, mwamba ulioanguka bila kumgusa mtu, maana hapo ndipo somo linapopatikana kwa bei nafuu. Tatu, ujumbe unaenda kwa mashimo yote ya jirani kwa SMS, kwa Kiswahili, badala ya kufungiwa ofisini.

Wewe unayetunza takwimu za kazi yoyote, fungua jedwali lako leo uangalie ni sifuri ngapi ambazo kwa kweli hakuna aliyezihesabu.