Kutoka Yangambi hadi Lubumbashi: maarifa nayo yanaweza kuuzwa mabichi



Juma lililopita batri ya simu yangu ilivimba kama andazi. Nikaipeleka Birere kwa kijana mmoja anayetengeneza simu. Akaitoa, akaweka ingine, akaniambia bei. Nilipogeuza ile ya zamani nikaona imetoka China. Kijana akacheka: "Mkubwa, kobalti ni yetu, lakini batri tunanunua." Nikarudi nyumbani na neno hilo kichwani.

Wengi wetu hatujui kama nchi yetu iko na kituo cha utafiti wa batri. Mnamo Novemba 2021 kulikuwa mkutano mkubwa wa biashara Kinshasa. Pale uliwekwa mezani utafiti wa BloombergNEF: kiwanda cha kutoa tani 10,000 za unga unaotengenezewa katodi, yaani upande chanya wa batri, kingegharimu dola milioni 39 hapa Kongo. Marekani kingegharimu mara tatu ya hapo. Aprili 2022 kituo kikazinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kinaitwa CAEB, na ndugu zetu wa vyuo vikuu vya Zambia wako ndani. Waziri wa Viwanda wakati ule alikuwa Julien Paluku, yule yule aliyekuwa gavana wetu wa Kivu Kaskazini kuanzia 2007 hadi 2019.

Nilifurahi kabisa. Lakini mimi ni mtu wa agronomia, na sisi wa agronomia tuko na kidonda cha zamani. Kinaitwa Yangambi.

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na makao yake makuu yakawa Yangambi, kando ya mto Kongo, chini ya Kisangani. Pale watafiti Beirnaert na Vanderweyen walichunguza michikichi. Mmoja, dura, uko na kokwa lenye gamba nene. Mwingine, pisifera, hauna gamba. Mnamo 1941 walitangaza kwamba ukipandisha hiyo miwili unapata tenera: gamba jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Tulisoma hiyo darasani, tukaiandika kwenye mtihani, tukapata pointi.

Kile ambacho hatukuulizwa kwenye mtihani ni hiki: tenera ilienda wapi? Ilienda Asia. Leo Indonesia na Malaysia ndizo zinaongoza dunia kwa mawese, na mashamba yao makubwa yamejaa tenera. Kongo, iliyokuwa kati ya wauzaji wakubwa wa mawese kabla ya uhuru, leo inanunua mafuta hayo kutoka nje.

Kwa nini? Wengine watasema ni vita na siasa. Ni kweli, lakini si yote. INEAC ilijengwa juu ya watafiti wa kigeni na pesa za koloni. Mkongo alikuwa mfanyakazi wa shamba na msaidizi wa maabara. Mwaka 1960 nchi ilikuwa na watu wachache sana waliomaliza chuo kikuu, hawakufika hata 30. Wageni walipoondoka, hakukuwa watu wa kutosha wa kushika kazi. INERA ilirithi majengo mwaka 1970, lakini jengo peke yake halifanyi utafiti.

Kwa hiyo tunapolia kwamba kobalti yetu inatoka ikiwa mbichi, tukumbuke kwamba hata maarifa yanaweza kutoka mabichi. Kongo inachimba karibu 70% ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inasafishwa China. Sasa fikiri: kijana wa Lubumbashi agundue unga bora wa katodi, halafu kiwanda cha kuutumia kiwe ng'ambo. Itakuwa tenera ya pili.

Mimi sisemi CAEB itaanguka. Safari hii kuna tofauti moja kubwa: kituo kiko ndani ya chuo kikuu, na wanafunzi wake ni watoto wa hapa. Hiyo Yangambi haikuwa nayo. Ila tuulize mambo matatu mapema. Mishahara ya watafiti itatoka wapi wafadhili wakienda? Kiwanda kiko wapi, karibu na maabara au kwenye karatasi? Na mwanafunzi wa kemia wa Goma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lubumbashi, ataingiaje pale?

Lisansi yangu iko ndani ya bahasha, na kwa sasa ninauza mbegu za mboga. Sioni haya. Lakini siku moja ningependa nirudi Birere, nigeuze batri, nisome jina la mji wetu mmoja mgongoni mwake.

Nyinyi mnaonaje? Wa kemia na wa polytechnique, tunawangoja.