Kushuka Milima ya Suam na Nduthi: Vile Unafaa Kukaa

Suam iko mpakani na Uganda, kwa miteremko ya Mlima Elgon. Ukiacha lami uingie njia za mashambani na mvua imenyesha, hapo ni ngori. Ukishuka, uzito hukimbilia gurudumu la mbele. Kaa vibaya na utarushwa juu ya hando.

Fomu ni hii:

Gia: Ingiza ya kwanza ama ya pili kabla mteremko uanze. Usishike klachi wala kuzima injini eti unaokoa mafuta. Injini inakushikia spidi. Breki za drum zikifinywa njia yote hupata moto na kuisha nguvu.

Mwili: Rudisha makalio nyuma, bana tenki na magoti, kunja viwiko kidogo. Kwa mawe, simama kwa vikanyagio. Macho mbali, si kwa tairi.

Breki: Ya mbele finya polepole na vidole viwili. Ya nyuma guza tu. Ukiikanyaga sana, tairi inafunga na kuteleza.

Mzigo: Gunia la viazi lifunge likazike, lisikusukume mbele. Kastoma naye? Kwa matope ashuke atembee. Akikunja uso, wacha akunje. Mtafika wote wazima.