Jinsi mkebe wa dawa ya mbu ulivyogeuka kuni

Mwaka 1941, watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walitia ndani ya chupa ya chuma mafuta ya ufuta, gesi ya friji na dondoo la maua ya pareto. Ukifungua vali, dawa ilitoka kama ukungu na kuelea hewani hadi mbu waanguke. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyoongoza kuiuzia dunia pareto. Ilipogeuka adui, Washirika walielekeza macho Kenya, kwenye mashamba ya walowezi wa Kinangop na Molo, ambako vibarua walichuma maua hayo meupe kwa mkono. Baada ya uhuru, Bodi ya Pareto na kiwanda chake pale Nakuru ndivyo vilivyobeba jina la zao hilo.

Wanajeshi waliiita chupa hiyo bomu la wadudu. Zaidi ya milioni 40 zilitengenezwa wakati wa vita, kwa sababu malaria ilikuwa ikilaza askari wengi katika visiwa vya Pasifiki. Lakini bomu hilo halikuwa na moto wowote. Gesi iliyosukuma dawa, Freon-12, haiwaki. Ungeweza kuitupa chupa jikoni, na gesi hiyo isingewaka, ingawa chuma kingeweza kupasuka.

Wazo la kupulizia kwa gesi halikuwa la Wamarekani. Mhandisi wa Norway, Erik Rotheim, alikuwa ameshalisajili katika miaka ya 1920. Kilichofanya mkebe uingie kila nyumba ni vali ya bei rahisi ya Robert Abplanalp, aliyepewa hataza yake mwaka 1953, pamoja na bati jembamba badala ya chuma kizito. Rangi ya kupulizia ilikuwa imeshaanza mwaka 1949. Pampu ya mkono ya dawa, ile ya kusukumwa kama ya baiskeli, ikaanza kusahaulika pole pole.

Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za jamii ya Freon zinakula tabaka la ozoni. Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake kwenye mikebe mwaka 1978, kisha ukaja Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao sekretarieti yake iko Gigiri, Nairobi. Anga ikapata nafuu, nami sitabishana na uamuzi huo hata kidogo. Ila viwanda vililazimika kutafuta gesi nyingine ya bei nafuu, na iliyokuwa karibu ni propani na butani, yaani gesi ile ile ya mtungi wa kupikia. Zilikuwa zikitumika kiasi hata awali; sasa zikatamalaki. Dawa ilibaki dawa, lakini kilichoisukuma kikawa kuni.

Gharama yake ilionekana tarehe 21 Juni 1982, katika bohari la maduka ya K-Mart huko Falls Township, Pennsylvania. Jengo lilikuwa na ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 110,000, limegawanywa kwa kuta za kuzuia moto na kutandazwa mabomba ya maji darini. Katoni ya mikebe ya kusafishia kabureta ilianguka kutoka kwenye shehena ya foklifti, mkebe mmoja ukapasuka, mvuke ukashika moto. Maji yalimwagika kama yalivyopangwa, lakini yalishindwa. Mikebe ilianza kuruka kama roketi, ikiburuta mkia wa kioevu kinachowaka, ikapita kwenye uwazi wa kuta na kuwasha sehemu ambazo moto haukuwa umefika. Hasara ilipita dola milioni 100. Miaka minane baadaye Wamarekani walitoa kanuni maalum ya kuhifadhi mikebe hiyo.

Wakazi wa Naivasha wanajua mvuke unavyoweza kuutangulia moto. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, lori lililobeba kemikali inayowaka upesi liligonga magari mengine pale Karai, kwenye barabara kuu ya Nairobi, likalipuka. Takriban watu 40 walikufa na magari zaidi ya 10 yakateketea. Shehena hiyo ilikuwa kubwa, na mkebe wa dawa ya mbu ni kitu kidogo, lakini mwendo ni mmoja: kioevu kinageuka mvuke, mvuke unakwenda kutafuta moto.

Chukua chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, kama vilivyojaa Karagita, karibu na mashamba ya maua ya Naivasha. Jioni mama anafunga dirisha, anapuliza kona zote na chini ya kitanda, huku jiko likiwa sakafuni. Mkebe mmoja wenye gramu 150 za gesi hutoa takriban lita 60 za mvuke. Hiyo haitoshi kujaza chumba kizima hadi kiwango cha kulipuka. Taabu ni kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauenei sawasawa, unatambaa chini, na chini ndiko kulikowekwa jiko.

Mkebe uliowekwa kando ya moto una tabia nyingine. Kwenye lebo imeandikwa usizidi nyuzi 50 za joto. Ukizidi, kitako kilichobonyea ndani kinatoka nje, halafu mshono unaachia na gesi iliyobaki inageuka mpira wa moto. Majirani husikia milio na kusema ni bomu, au wanamshuku mtu fulani. Mchunguzi anayejua kazi yake hapokei ushahidi wa milio peke yake. Mara nyingi mkebe haukuanzisha moto, umeukuta.

Anachokitazama ni mkebe wenyewe. Kitako kilichotoka nje kinasema kwamba ulikuwa na shinikizo ulipopata joto. Ulioungua bila kutoka kitako huenda ulikuwa mtupu, au ulitoboka mapema. Ule wa aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ule wa bati hubaki, hivyo ikikutwa pamoja inaonyesha joto lilifika wapi. Ukinyanyua mkebe na kuona duara safi sakafuni, ulikuwa pale kabla ya moto. Usipokuwa na duara, huenda uliruka, na swali linakuwa uliruka kutoka wapi.

Kuzima moto ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, na kutafuta mhalifu ni kazi ya polisi. Katikati yao, kwenye mtaa wa mabati, kuna watu waliokosa pa kulala ambao asubuhi hiyo hiyo wanaanza kufagia na kujenga upya, na wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mizani. Mikebe hukusanywa pamoja na mabati na misumari. Afisa akitaka kujua moto ulianzia chumba gani, apige picha ya kila mkebe mahali ulipolala, kitako kikionekana, kabla reki ya kwanza haijapita.