Nje ya Mlango wa Wagonjwa Mahututi

Agosti 1952, polio ilipoukumba mji wa Copenhagen, hospitali ya Blegdam ilipungukiwa mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua. Daktari Bjørn Ibsen akashauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, wakibinya mfuko wa mpira kando ya kitanda. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha wodi ya wagonjwa mahututi, na mfano huo ukaenea duniani.

Ndugu wa wagonjwa walibaki nje. Katika hospitali nyingi za Marekani waliruhusiwa kuingia kwa dakika chache tu, kisha wakarudishwa kwenye viti vya korido.

Mwaka 1979, muuguzi Nancy Molter alichapisha utafiti uliowataka ndugu 40 wapime uzito wa mahitaji 45. Juu kabisa waliweka kuwa na tumaini. Walitaka pia majibu ya kweli, maelezo kwa lugha inayoeleweka, chumba cha kusubiri kilicho karibu na mgonjwa, na kupigiwa simu nyumbani hali yake ikibadilika. Hawakutarajia wahudumu wajishughulishe na hali ya ndugu wenyewe. Inasikitisha kwamba mambo ya wazi kama haya yalihitaji utafiti ndipo yasikike.

Jane Leske aliiendeleza kazi hiyo miaka ya 1980, na dodoso la mahitaji hayo likatafsiriwa kwa lugha nyingi. Hospitali kadhaa zikalegeza saa za kutembelea wagonjwa. Korona ilipoingia mwaka 2020, milango ilifungwa tena. Wauguzi wakawashikia wagonjwa simu ili jamaa wawaone, na mjadala wa nani aruhusiwe kuingia ukaanza upya.