Nembo Hupigwa Rangi kwa Rangi

Mwaka 2020 Namungo ya Ruangwa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania dhidi ya Simba mjini Sumbawanga. Ilifungwa, lakini ikapata tiketi ya mashindano ya Afrika, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi. Jezi ya timu changa kama hiyo hubeba nembo iliyotengenezwa kwa matabaka ya rangi.

Ufundi huo si mgeni pwani. Mwishoni mwa karne ya 19, kanga za mwanzo zilichapwa Zanzibar kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Kila rangi ilihitaji kibao chake. Kiliposogea kidogo, pindo liliingia kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Baadaye kazi ikahamia viwandani, Ulaya na India. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapa kanga na vitenge nyumbani.

Leo fundi wa fulana hutumia fremu yenye wavu, rangi moja fremu moja. Kwenye kompyuta pia huweka kila rangi kwenye tabaka lake, kisha hulifuta tabaka la chini kabisa, lile jeupe, ili pembeni pabaki kitambaa kitupu. Asipolifuta, nembo hutoka ndani ya kiboksi cheupe kama stempu, aibu tupu!

Kwenye kitambaa cheusi, hata hivyo, weupe hurudi: hupakwa kwanza, chini ya nembo pekee, la sivyo njano hufifia.